Kutafuta tiba ya OCD bila kurudi mikono mitupu: mwongozo kamili

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wowote kuhusu OCD, ugonjwa wa mawazo yanayomvamia mtu na matendo anayoyarudiarudia ili atulie, huwa hivi: "Nilikwenda hospitali, nikaambiwa nipunguze mawazo, nikapewa dawa ya usingizi, hali ni ile ile." Nikimuuliza mwandishi alimwambia daktari nini hasa, jibu huwa fupi. Alisema ana msongo, halali, ana wasiwasi sana.

Safari hukatikia hapo. Msongo na kukosa usingizi ni dalili za maradhi chungu nzima, na daktari mwenye foleni mlangoni atatibu alichoambiwa. Aliyeficha wazo lenyewe, na kile anachokifanya kulituliza, amempa daktari ganda na kuondoka na punje mfukoni.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Miadi yangu ya kwanza nilisema silali, nikapewa dawa ya usingizi. Nililala fofofo wiki nzima, na kila asubuhi niliamka nikiwa na nguvu mpya za kukagua kufuli mara kumi na tano.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ya pili na ya tatu ndizo watu huziruka, na ndizo zinazobeba mzigo wote.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, mradi maandishi yafichwe kwa namba ya siri.
- Saa ya kuhesabia dakika.
- Karatasi moja safi, ya hatua ya tatu.
- Majina na vipimo vya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.
- Mtu mmoja unayemwamini, wa kukusindikiza au kukukumbusha tarehe ya miadi.
- Siku saba.

Usichohitaji ni uhakika kwamba una OCD. Nalisema mapema kwa sababu wengi hukwama hapa miezi na miaka, wakisoma makala moja baada ya nyingine, wakifanya majaribio ya mtandaoni, wakijilinganisha na wengine. Kutafuta uhakika kamili ndiyo OCD yenyewe ikifanya kazi yake. Kuutambua ugonjwa ni kazi ya mtaalamu. Yako ni kupeleka taarifa.

## Hatua ya 1: Jipime kwa saa

OCD ina sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo, picha au msukumo unaokuvamia bila kuualika, ukakutia hofu, kinyaa au hatia. Ya pili ni tendo unaloona huna budi kulifanya, kwa mikono au kichwani, ili hofu ishuke. Nayo hushuka kweli, kwa muda mfupi. Kisha hurudi ikidai tendo lile lile na nyongeza juu yake.

Mawazo ya ajabu humpitia karibu kila binadamu. Mtu husimama ukingoni mwa ghorofa, akili ikamwambia "ruka", akashtuka kidogo, akaendelea na safari. Mwenye OCD hubaki na lile wazo akilihoji: kwa nini limekuja, lina maana gani, je, mimi ni mtu wa namna hiyo?

Kipimo cha wataalamu ni rahisi kukikumbuka. Mawazo na matendo haya yakikula zaidi ya saa moja kwa siku, au yakikutesa sana, au yakivuruga kazi, masomo na uhusiano wako na watu, nenda. Usisubiri ngozi ya mikono ichanike.

Na kupenda usafi pekee si OCD. Anayepanga vitabu vyake kwa rangi hufurahia kuvitazama. Mwenye OCD akimaliza kupanga hapati furaha, hupata nafuu ya muda tu, na nafuu hiyo hailipii gharama yake.

Tahadhari. Hatua hizi hazimhusu mtu aliye hatarini leo. Kama unataka kujiua, una mpango wa kujidhuru, au umeacha kula na kunywa kwa sababu ya hofu, nenda idara ya dharura sasa hivi, ukiwa na mtu. Mama aliyejifungua karibuni naye asikilizwe kwa makini. Picha za kumdhuru mtoto zinazomtisha na kumliza zinajulikana sana kwenye OCD na zinatibika. Lakini akisikia sauti zinazomwamuru, akiamini mtoto ni kiumbe kibaya, au akikesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, hiyo ni dharura nyingine na haingoji miadi.

Utajua umefika unapoweza kusema sentensi moja yenye namba: "Hili linanila kama saa tatu kwa siku."

## Hatua ya 2: Daftari la siku saba

Gawa ukurasa safu nne: kilichoanzisha, wazo, tendo, dakika. Kila jioni jaza matukio matatu au manne makubwa ya siku hiyo. Mfano: "Nimetoka nyumbani / nyumba itaungua kwa sababu yangu / nimerudi kukagua jiko mara sita, nimepiga picha swichi / dakika 35."

Kwa nini siku saba? Kumbukumbu ya mtu mwenye hofu haina haki. Siku mbaya ataona anaumwa saa ishirini na nne, siku njema atajiambia hana chochote na kufuta miadi. Wiki moja huonyesha hali kama ilivyo.

Safu ya tendo ndiyo hujazwa vibaya. Watu huandika kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga, wakaishia hapo. Matendo mengi ya OCD hayaonekani kwa macho. Chunguza haya pia:

- Kuuliza watu swali lile lile ili wakuhakikishie: "Una uhakika sikukukosea? Una uhakika nilifunga?"
- Kurudisha mkanda wa siku nzima kichwani ili kuthibitisha hukufanya ubaya.
- Kufuta wazo baya kwa wazo jema, neno maalumu au namba "nzuri".
- Kurudia sala, toba au udhu kwa kuona ule wa kwanza haukutimia.
- Kupekua intaneti kutafuta dalili, sheria, hukumu, au watu waliofanya kile unachokiogopa.
- Kujichunguza mwili: je, moyo umeenda mbio? Je, nimesisimka? Je, nampenda kweli mwenzangu?
- Kukwepa. Kutoshika kisu, kutombeba mtoto, kutopita njia fulani, kutofungua barua.

Nawafahamu watu walioambiwa hawana OCD kwa sababu tu hawanawi mikono kupita kiasi. Matendo yao yote yalikuwa kichwani, na hakuna aliyewauliza.

Tahadhari. Daftari lenyewe linaweza kugeuka mtego. Jipe dakika kumi tu, kisha lifunge. Usinakili upya, usisahihishe, usitafute kukumbuka kila kitu. Ukijikuta umeandika ukurasa mmoja mara nne ili mwandiko unyooke, liandike na hilo: safu ya tendo, dakika 40. Mtaalamu atalipenda.

Utajua umefika ukiwa na mistari kama ishirini hivi, iliyochafuka, yenye makosa ambayo hukuyagusa.

## Hatua ya 3: Karatasi moja

Sasa hamisha kiini cha daftari kwenye karatasi moja, upande mmoja. Hii ndiyo itakayozungumza siku ulimi utakapokwama, na utakwama. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aibu ya OCD ina ukali wake wa peke yake, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kushambulia kile unachokithamini kuliko vyote. Mzazi mpole hushambuliwa kwa picha za kumuumiza mwanawe, mcha Mungu kwa matusi ya kukufuru. Anayechukia unyanyasaji wa watoto huvamiwa na mawazo ya kingono yanayomtia kichefuchefu. Unaliogopa wazo kwa sababu linakwenda kinyume na wewe.

Huu ni mfano niliouunda. Usiunakili, ila tazama ulivyopangwa:

> Nina miaka 26. Hali hii ilianza nikiwa na miaka 14, imezidi tangu mwaka jana. Nikiona kisu huja picha ya kumchoma mdogo wangu. Sitaki kufanya hivyo na inanitisha. Nimeficha visu, siingii jikoni akiwepo, kila usiku napitia matukio ya siku kuhakikisha sikumgusa, na namuuliza mama kama mtoto yuko salama mara kumi au zaidi. Kwa jumla ni kama saa nne kwa siku. Nimeacha kupika na nimekosa mitihani miwili. Sijawahi kumdhuru mtu. Sisikii sauti. Wiki mbili hizi nimekuwa nikiona heri nisingekuwepo, lakini sina mpango wa kujiua. Sijawahi kutumia dawa za akili. Shangazi yangu ana tabia ya kukagua milango usiku kucha. Ninaomba kuchunguzwa kama ni OCD.

Kila sentensi ina kazi. Umri wa kuanza na muda vinaonyesha hili si jambo la juzi. "Sitaki, inanitisha" ni maneno muhimu kuliko yote, kwa kuwa mtaalamu hutenganisha wazo vamizi na nia kwa kuangalia kama mtu analikimbia wazo au analipanga. Sauti huulizwa ili kutofautisha na maradhi mengine ya akili. Ukoo huulizwa kwa sababu OCD ina kiasi cha kurithiwa. Sentensi ya kuona heri asingekuwepo humwelekeza daktari kwenye sonona, ambayo mara nyingi huambatana na OCD na huhitaji kutibiwa pamoja nayo. Kama kwako haipo, usiiandike. Kama ipo, usiifute.

Sentensi ya mwisho watu huiona ya kiburi. Si kiburi. Hujampangia daktari ugonjwa, umemwomba aangalie mahali fulani.

Kama wazo lako ni zito mno kuandikwa neno kwa neno, andika aina yake: "mawazo ya kingono nisiyoyataka, yanayonichukiza". Inatosha kwa siku ya kwanza.

Utajua umefika mtu asiyekufahamu akiisoma kwa dakika mbili na kujua unaogopa nini, unafanya nini, kwa muda gani.

## Hatua ya 4: Chagua mlango

Milango mikuu ipo mitatu, na wowote ulio karibu unafaa kuanzia.

Daktari wa kawaida anaweza kukupima mwili, kuanza dawa katika hali nyingi, na kukupa rufaa. Ombi lako kwake liwe hilo: rufaa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili hutambua ugonjwa na kuandika dawa, wengine hutoa na tiba ya mazungumzo. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa mahali pengi, lakini ndiye hasa hufundishwa tiba ya mazungumzo ya kina. Mshauri nasaha ana nafasi yake, ila ukipata wa kuchagua, chagua aliyewahi kutibu OCD. Mtu mwenye huruma nyingi bila mbinu sahihi anaweza kukuzidishia, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kulipia vikao, piga simu uulize mambo mawili: "Umewahi kutibu watu wenye OCD?" na "Unaitibu kwa njia gani?"

Jibu unalolitafuta ni ERP, yaani tiba ya kukabili hofu na kuzuia tendo. Ni tawi la tiba ya fikra na tabia, CBT, na ndiyo tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mwingi zaidi kwa ugonjwa huu. Akisema anatumia CBT tu, uliza kama ndani yake mtakabili hofu hatua kwa hatua na kuacha matendo. Akikubali, vema.

Kuna majibu ya kukufanya utafute kwingine. Mmoja atakwambia uvae mpira mwembamba mkononi na kujichapa nao kila wazo likija; mbinu ya kulifukuza wazo kwa nguvu hulirudisha likiwa na hasira. Mwingine atataka mtumie mwaka mzima kufukua utoto wako kwanza. Mwingine atakufundisha kupumua na kutulia tu. Kupumua hakuna ubaya, lakini kukitumiwa kuikimbia hofu hugeuka tendo jingine kwenye orodha.

Kama karibu nawe hakuna anayeijua ERP, tiba hii hufanyika pia kwa simu ya video na hufanya kazi. Wakati mwingine ni bora zaidi, kwa sababu jiko unaloliogopa lipo hapo hapo nyuma yako.

Neno kwa wenye mawazo ya kidini: kiongozi wako wa imani anaweza kuwa msaada mkubwa, hasa akikubali kukupa jibu moja la swali lako, mara moja, na kukataa kulirudia. Wapatanishe yeye na mtaalamu wasivutane.

## Hatua ya 5: Ndani ya chumba

Ukikaa, usianze na usingizi. Usianze na kichwa kuuma. Toa karatasi useme: "Nina mawazo yanayonivamia na matendo ninayoyarudia ili nitulie. Yananichukua saa kadhaa kwa siku. Nimeyaandika hapa, ni vigumu kuyasema." Kisha nyamaza, mwache asome.

Watu wana hofu tatu hapa, nazijibu moja moja.

"Ataniita kichaa." OCD ni ugonjwa unaofahamika, na aliyefunzwa afya ya akili ameshasikia mawazo ya kisu, ya kufuru na ya kingono kabla yako.

"Ataniripoti." Siri ya mgonjwa ina mpaka: mtaalamu huweza kuivunja pale penye hatari ya kweli kwa mtu. Wazo vamizi linalokutisha, usilolitaka, si nia ya kutenda. Ndiyo maana ile sentensi ya "sitaki" iko kwenye karatasi. Ukikutana na mtu asiyejua tofauti hiyo na akashtuka, mwombe akupe rufaa kwa mjuzi wa OCD.

"Atanilaza." Tiba ya OCD kwa kawaida hufanyika ukitokea nyumbani. Kulazwa ni kwa hali kali sana au hatari ya kujiua.

Huenda akakupima kwa kipimo cha Yale-Brown, ambacho hupima ukali wa OCD. Kina maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 40. Alama 16 hadi 23 huhesabiwa wastani, 24 hadi 31 kali, kuanzia 32 kali kupindukia. Omba namba yako na uiandike, utaihitaji hatua ya mwisho. Jibu bila kukokotoa. Wagonjwa wengi, nikiwemo mimi, hutaka kurudi kurekebisha jibu la swali la pili.

Mweleze pia kama umewahi kuwa na vipindi vya furaha na nguvu zisizo za kawaida, bila kulala na bila kuchoka. Dawa zinazotumika kwa OCD huweza kuamsha vipindi hivyo kwa wenye maradhi ya hisia yenye pande mbili (bipolar), naye hawezi kukisia.

Tahadhari. Usimtumie mtaalamu kama chombo cha kukuhakikishia. "Una uhakika mimi si mtu mbaya?" ni tendo lile lile, limevaa nguo za hospitali. Mtaalamu mzuri atakataa kulijibu mara ya pili. Usimchukie kwa hilo.

Utajua umefika ukitoka na mambo matatu mkononi: jina la kile anachodhani unacho, mpango wa tiba, na tarehe ya kurudi. Ukitoka na ushauri wa kupunguza mawazo tu, uliza papo hapo: "Nani anaweza kunitibu OCD, na je, utaniandikia rufaa?"

## Hatua ya 6: Kujua ERP kabla hujaikimbia

Wengi huacha baada ya kikao cha pili kwa sababu walitarajia kufarijiwa, wakakuta wanaombwa kushika kitasa cha mlango bila kunawa.

Mtaandika pamoja ngazi ya hofu, kutoka 0 hadi 100. Mtaanza chini au katikati, kwenye 30 au 40, si kileleni. Unakabili kichocheo, hofu inapanda, na hufanyi tendo. Unakaa nayo. Ikishuka, vizuri, isiposhuka siku hiyo, bado umejifunza kwamba unaweza kuibeba na kwamba kile ulichokitabiri hakikutokea. Hii ndiyo sababu huruma isiyo na mbinu hudhuru: kila unapotulizwa, ubongo unaandika kwamba hatari ilikuwa ya kweli na tendo ndilo lililokuokoa.

Ratiba ya kawaida ni vikao 12 hadi 20, pamoja na mazoezi ya nyumbani karibu kila siku. Mazoezi ya nyumbani ndiyo tiba, kikao ni maelekezo. Mtaalamu hapaswi kukulazimisha wala kukushtukiza. Una haki ya kusema hatua hii ni kubwa, tuigawe. Huna faida ukiifanya huku unaomba dua ya siri kichwani ili ipite salama. Kama unafanya hivyo, mwambie. Nilikificha kitu hicho kwa wiki tano, na wiki tano hizo nilizitupa.

## Hatua ya 7: Ukipewa dawa

Dawa za kwanza ni kundi la SSRI, ambazo hutumika pia kutibu sonona, kama fluoksetini, setralini na fluvoksamini. Ipo pia klomipramini, ya zamani na yenye nguvu, ila ina maudhi zaidi na mara nyingi moyo hupimwa kwanza. Unaweza kutumia dawa pekee, ERP pekee, au zote. Hali ikiwa kali, kuziunganisha ni jambo la kawaida.

Mambo mawili huwaangusha watu. La kwanza ni muda. OCD huchelewa kuitikia kuliko sonona, na jaribio la haki la dawa moja ni wiki 8 hadi 12. Anayeacha wiki ya tatu akisema "haifanyi kazi" hajaijaribu. La pili ni kipimo: OCD mara nyingi hudai dozi kubwa kuliko ya sonona. Fluoksetini ya miligramu 20 inaweza kupandishwa hadi 60 au zaidi, polepole, chini ya daktari. Kwa hiyo ukiongezewa, usidhani umekuwa mgonjwa mahututi.

Wiki za mwanzo tarajia kichefuchefu, tumbo kuvurugika, usingizi kubadilika, pengine hofu kupanda kidogo. Mengi hupungua. Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa huweza kubaki. Mwambie daktari badala ya kuacha kimya kimya.

Tahadhari. Kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka wiki za kwanza au dozi inapobadilika, kwa hiyo mtu wa nyumbani awe macho na daktari ajulishwe siku hiyo hiyo. Usikatishe dawa ghafla. Ukishika mimba, usiache mwenyewe kwa hofu, muulize daktari kwanza. Mtaje kila dawa nyingine, hata ya maumivu. Na ukipata nafuu, dawa kwa kawaida huendelea angalau mwaka mmoja kabla ya kupunguzwa taratibu.

## Hatua ya 8: Nyumba nzima ijue kazi yake

Bila kutaka, familia huwa mtumishi wa OCD. Mama anajibu "ndiyo, umefunga" kwa mara ya thelathini, mume anavua nguo mlangoni ili mke asipate hofu, kaka anakagua jiko kwa niaba. Wanafanya kwa mapenzi, na ugonjwa unanenepa.

Usiwaambie waache vyote kesho. Ukatili wa ghafla hauponyi mtu. Kubalianeni, ikiwezekana mbele ya mtaalamu, tendo moja la kuanza nalo na jibu la pamoja. Jibu zuri halibishani wala halitulizi: "Naona OCD inauliza. Tulikubaliana sitaijibu. Niko hapa, tukae." Likisemwa kwa sauti ya upole, mara ya kwanza linakera kama nini. Mkiendelea hivyo, maswali huanza kupungua.

Mwambie pia mtu wako asikucheke na asikuhubirie. Kama ungeweza kuacha kwa kuambiwa "acha", ungeshaacha.

## Hatua ya 9: Kagua baada ya miezi mitatu

Rudia kipimo cha Yale-Brown pamoja na mtaalamu. Alama zikishuka kwa asilimia 35 au zaidi, wataalamu huhesabu kwamba mgonjwa ameitikia tiba. Aliyeanza na 28 akafika 18 amepiga hatua kubwa, hata kama mwenyewe anajiona "bado". Fungua na lile daftari la mwanzo, urudie siku saba, ulinganishe dakika. Saa nne zikiwa saa moja na nusu, hizo saa mbili na nusu ni zako sasa.

Mawazo yenyewe huenda yakaendelea kuja. Usiyahesabu. Hesabu dakika na yale uliyoanza kuyafanya tena: kupika, kubeba mtoto, kutoka nyumbani na kuufunga mlango mara moja.

Kama hakuna kilichosogea, usihitimishe kwamba huponyeki. Uliza kwa mpangilio: je, dozi na wiki zilitosha? Je, mazoezi ya nyumbani yalifanyika? Je, kuna tendo la kichwani ambalo halijatajwa? Je, ilikuwa ERP kweli, au mazungumzo tu? Kukiwa na pengo, lizibeni. Pasipokuwa na pengo, kuna kubadili dawa ndani ya kundi hilo, kujaribu klomipramini, kuongeza dawa ya pili, au kwenda kituo chenye tiba ya kila siku.

Ukiamua kubadili mtaalamu, chukua ile karatasi ya hatua ya tatu na uongeze mistari mitatu chini yake: dawa gani na kipimo gani kwa wiki ngapi; vikao vingapi na mlikabili nini; alama za Yale-Brown mwanzo na sasa. Kisha rudi hatua ya nne, upige simu.